Samurzakano: watu ambao kila upande unasema ni wa kwake

Kama ulikuwa unafuatilia mpira wa Uingereza miaka ya 90 basi unamkumbuka Temuri Ketsbaia, yule kipara wa Newcastle United aliyewafunga Bolton dakika za mwisho Januari 1998, halafu akavua jezi akaanza kuyapiga mateke mabango ya matangazo pembeni ya uwanja, wenzake wanamshika na yeye bado anapiga tu. Video ile inazunguka mitandaoni mpaka leo. Mateke yale watu wanayajua, ila jina lake wachache sana waliwahi kulitazama vizuri. Jamaa kazaliwa mwaka 1968 kwenye mji mdogo unaitwa Gali, na jina Ketsbaia ukilikata unapata vipande viwili. Kuna Ketsba, jina la ukoo la Kiabkhazi, lile -ba la mwisho ndo alama yenyewe ya majina ya huko. Halafu juu yake imepachikwa -ia, ambayo ni alama ya majina ya Kimingreli, kama unavyoiona kwa Kvaratskhelia wa PSG ambaye familia yao asili yake ni Samegrelo, yaani nchi ya Wamingreli.

Sisemi Ketsbaia ni kabila gani, hilo ni lake mwenyewe na si kazi yangu. Nasema jina tu. Jina limeanzia kwa watu wa lugha moja, likavalishwa nguo ya watu wa lugha nyingine, na limebaki hivo vizazi na vizazi. Sasa sehemu alikozaliwa imejaa majina ya namna hiyo, na watu wamegombana, wameandika vitabu, mwishoni wamepigana vita, na moja ya maswali yaliyokuwa chini ya ugomvi wote ni hili: watu wa hapa ni Waabkhazi au ni Wamingreli?

Tuanze na ramani kwanza maana bila ramani hii habari inachanganya. Nenda mashariki ya Bahari Nyeusi, kusini ya milima ya Kaukazi. Kuna mito miwili inashuka kutoka milimani kwenda baharini, mmoja Ghalidzga, mwingine Enguri. Kipande cha nchi kilicho katikati ya mito hiyo ndo zamani kiliitwa Samurzakano. Leo sehemu yake kubwa ni wilaya ya Gali, vipande vingine vimeingia Ochamchire na Tkvarcheli. Ukivuka Ghalidzga kwenda kaskazini magharibi unaingia kwa Waabkhazi, wenyewe wanajiita Apsua na nchi yao, Abkhazia, wanaiita Apsny. Ukivuka Enguri kwenda upande wa pili unaingia kwa Wamingreli, wenyewe wanajiita Margali.

Lugha zao hazifanani hata kidogo, na hili nataka lieleweke mapema. Kimingreli ni ndugu wa Kigeorgia, japo Mgeorgia wa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, akikisikia hakielewi mpaka akae nacho. Kiabkhazi kiko familia nyingine kabisa, pamoja na Kiabaza na lugha za Wacherkesi, kina konsonanti 58 na vokali mbili tu za msingi, yaani mtu mzima akianza kujifunza anateseka kwelikweli. Kwa hiyo usifikirie kwamba hapa mpakani lugha zilikuwa zinakaribiana karibiana mpaka zikaungana. Hapana. Kilichochanganyika ni watu wenyewe, nyumba kwa nyumba, na mtoto alikuwa anakua na lugha mbili ambazo hazina hata neno moja la msingi linalofanana ukiacha yale waliyoazimana.

Jina lenyewe Samurzakano lina habari. Mwishoni mwa karne ya 17 Waabkhazi walikuwa wameisukuma mipaka yao kusini mpaka Enguri, kwenye ardhi iliyokuwa chini ya akina Dadiani, watawala wa Mingrelia. Ukoo uliotawala Abkhazia ulikuwa wa akina Chachba, Wageorgia wanawaita Shervashidze, na ndugu wakagawana nchi, mmoja kaskazini, mmoja katikati, na mmoja aitwaye Kvapu akapewa hiki kipande cha kusini. Mwanawe aliitwa Murzakan. Sasa kwenye Kigeorgia ukitaka kusema "nchi ya fulani" unaweka sa- mbele na -o nyuma, ndo maana Georgia yenyewe kwa lugha yao ni Sakartvelo na Mingrelia ni Samegrelo. Sa-Murzakan-o. Mtawala wa Kiabkhazi amewekwa katikati ya neno lililojengwa kwa sarufi ya Kigeorgia, na jina hilo ndo likaja kuwa jina la watu. Mimi kila nikiliangalia naona kama wenyeji walikuwa wameshatujibu mapema, sema hatukusikiliza.

Hapo kwenye "walisukuma mipaka" ndo wanahistoria wanapoanza kurushiana maneno. Wa Georgia wanasema ardhi ilikuwa ya Wamingreli, Waabkhazi wakaja kwa nguvu, wakaweka watawala na familia zao, lakini wakulima wengi walibaki Wamingreli walewale. Wa Abkhazia wanasema babu zao walikuwepo hapo karne nyingi kabla, Dadiani ndo aliyewasukuma, na karne ya 17 walikuwa wanarudi kwao. Binafsi sioni kwa nini lazima moja iwe kweli na nyingine iwe uongo. Mpaka ulienda mbele ukarudi nyuma mara nyingi tu, na kila ulipohama uliacha watu.

Waliobaki waliishi vipi? Hapa nataka tukae kidogo, maana vitabu vingi vinaruka sehemu hii vinakimbilia vita na mikataba.

Kwanza kuoana. Waabkhazi wana mwiko mkali, huruhusiwi kuoa mtu mwenye jina la ukoo la baba yako wala la mama yako, hata kama undugu wenyewe hauonekani tena. Sasa kwenye vijiji vidogo ambako koo ni chache, ukishatoa wa baba ukatoa wa mama wanabaki wangapi? Jirani yuko pale ng'ambo ya shamba, ana binti, anasali kanisa lilelile. Mke anakuja na lugha yake, na mtoto anasikia lugha ya mama kabla ya ya baba. Ukoo unabaki wa Kiabkhazi, jikoni panaongewa Kimingreli. Vizazi vitatu baadaye jina linasema hivi, ulimi unasema vile. Na si kwa wakulima tu, hata watawala wa Samurzakano walioa kwa akina Dadiani.

Halafu kulikuwa na ule utaratibu wa kulea. Watoto wa wakubwa walipelekwa kulelewa kwenye familia nyingine, mara nyingi ya hali ya chini, wananyonyeshwa huko na wanakulia huko, na undugu wa kunyonya ulihesabiwa mzito kama wa damu na wengine wanasema kuushinda. Ndugu yako wa kunyonya akiuawa unamlipizia. Huwezi kumuoa dada yako wa kunyonya. Sasa mtoto wa bwana wa Kiabkhazi amelelewa na mama wa Kimingreli, au kinyume chake, halafu wewe karani unakuja na kalamu unauliza "kabila gani?"

Na chakula. Ukiingia jiko la zamani la huko unakuta chungu cha chuma kimening'inia kwenye mnyororo juu ya moto, na kwa Waabkhazi mnyororo huo ni kitu kitakatifu, watu walikuwa wanaapa kwa kuushika. Ndani ya chungu kuna unga wa mahindi unasongwa kwa mwiko wa mti. Ni ugali, sina neno lingine la kuuita. Waabkhazi wanauita abysta, kwa Kigeorgia ni ghomi, unapikwa bila chumvi, unapakuliwa wa moto, halafu vipande vya jibini vinachomekwa humo ndani vinaanza kuyeyuka, unamega kwa mkono. Pembeni kuna ajika, pilipili iliyosagwa juu ya jiwe pamoja na kitunguu saumu, uwatu na chumvi, na neno ajika limetoka kwenye neno la Kiabkhazi la chumvi, lakini mwambie Mmingreli kwamba ajika si yake uone. Mezani hapo huwezi kumtofautisha nani ni nani, unasubiri aongee, na akiongea bado hujui maana anaongea zote mbili.

Imani ilikuwa hivohivo. Karibu na mdomo wa Ghalidzga kuna kanisa la Mtakatifu George la Ilori, la karne ya 11. Padri mmoja Mtaliano, Archangelo Lamberti, aliyeishi Mingrelia karne ya 17, aliandika kuhusu sikukuu yake: kanisa linafungwa usiku, linapigwa muhuri, asubuhi linafunguliwa na ndani anakutwa ng'ombe, watu wakiamini mtakatifu mwenyewe ndo kamleta, anachinjwa na nyama inagawanywa kwa wakubwa wa nchi zote za jirani. Waabkhazi wanapaita Elyr na wanapahesabu kati ya mahali patakatifu saba pa taifa lao, pa zamani kuliko ukristo wenyewe. Wamingreli wanapahesabu pao vilevile. Mtu aliyeshukiwa wizi alikuwa anapelekwa kuapa pale, na kiapo cha Ilori kiliogopwa na Mkristo na Mwislamu.

Nikumbushe kitu kingine kidogo kuhusu eneo hili kwa ujumla, maana sisi huku kitatugusa. Kaskazini kidogo ya Samurzakano, kwenye kijiji cha Adzyubzha, mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na familia za watu weusi, wenye asili ya Afrika, walioongea Kiabkhazi na kuishi kwa mila za Kiabkhazi. Walifikaje huko watu wanabishana, ila walikuwepo na walipigwa picha. Nawataja kwa sababu wanaonyesha jinsi ilivyokuwa, ukishaishi humo, ukajua lugha na adabu zake, wewe ni wa humo.

Sasa kilichoharibu ni nini? Kwa mtazamo wangu, karatasi. Kabla ya bunduki ilikuja karatasi.

Warusi waliingia taratibu. Mwaka 1805 watawala wa Samurzakano waliapa utii kwa Urusi wakiwa chini ya mbawa za Dadiani, mwaka 1840 Warusi wakaichukua moja kwa moja, wakaitenga na Abkhazia na Mingrelia zote mbili. Abkhazia yenyewe ilibaki na mtawala wake mpaka 1864. Alipoondolewa, mwaka 1866 Waabkhazi wakaasi, wakapigwa, na wengi wakafukuzwa kwenda Uturuki, halafu tena baada ya vita vya 1877 na 1878 wakafukuzwa wengine wengi zaidi, hasa Waislamu, mpaka mabonde mazima karibu na Sukhumi, mji mkuu wa Abkhazia, yakabaki hayana mtu. Waliobaki wakaitwa watu wenye hatia, alama waliyotembea nayo hadi 1907. Samurzakano haikuguswa sana kwa sababu wengi wao walikuwa Wakristo na hawakuingia kwenye uasi. Kwa hiyo ghafla hawa watu wa mpakani, waliokuwa pembeni, wakajikuta ni karibu nusu ya watu wote wa nchi.

Ndipo inakuja ile hesabu ya 1886. Maafisa wa Urusi walipoorodhesha familia waliandika Waabkhazi 28,323, na kwenye mstari wake wa peke yake wakaandika Wasamurzakano 30,640. Jumla ya watu wote ilikuwa 68,773. Shika hizo namba vizuri maana ugomvi mzima umo humo. Ukiwahesabu Wasamurzakano kuwa ni Waabkhazi, basi Waabkhazi walikuwa zaidi ya asilimia 85 ya nchi yao, na hawa wengine wote wamekuja juzi. Ukiwahesabu kuwa ni Wageorgia, basi Wageorgia walikuwa zaidi ya asilimia 50 tangu wakati huo na Waabkhazi walikuwa wachache kwenye nchi yenye jina lao. Orodha moja, mwaka mmoja, watu walewale. Unahamisha mstari mmoja tu na historia yote inageuka.

Na mpaka leo ndivyo inavyofanyika. Ukisoma kitabu cha Sukhumi unakuta asilimia 85, ukisoma cha Tbilisi unakuta 50 na kitu, na vyote viwili vinataja 1886, na msomaji wa kawaida anabaki anashangaa nani anadanganya. Namba hazina shida. Walichofanya wote wawili ni kumfuta Msamurzakano na kumwandika upya. Hili linaniuma, nasema wazi, kwa sababu kwenye orodha yenyewe walikuwa na mstari wao, hakuna aliyelazimika kukisia.

Kulikuwa na sababu ya kuwagombania hivo. Ardhi ya waliofukuzwa ilikuwa wazi, na wakaanza kuja Wamingreli wengi kutoka ng'ambo ya Enguri, wakaja Waarmenia, Wagiriki, Warusi, hata Waestonia. Magazeti ya Tbilisi yakasema huko ni kwetu tangu zamani. Maafisa wa Urusi walioogopa nguvu ya Wageorgia nao wakashika upande wa pili wakasema hao ni Waabkhazi waliopotezwa na mapadri wa Kigeorgia. Makanisa na shule za vijiji vya Samurzakano zikageuka uwanja wa mapambano, mtoto asali kwa lugha gani, asome kwa lugha gani, wakati mtoto mwenyewe nyumbani hasemi Kigeorgia wala Kirusi.

Wasovieti walipokuja wakataka kila mtu awe na taifa lake limeandikwa, na baadaye likaingia mpaka kwenye pasipoti ya ndani ya nchi. Kwenye sensa ya 1926 mstari wa Wasamurzakano haupo tena, ila Wamingreli bado walihesabiwa peke yao. Waabkhazi walioandikwa mwaka huo ni 55,918 kati ya watu 201,016, wachache kidogo kuliko 58,697 wa sensa ya 1897, wakati nchi nzima ilikuwa imekaribia kuongezeka mara mbili. Sehemu ya jibu iko Samurzakano: mtu ambaye baba yake aliandikwa hivi, yeye kaandikwa vile. Hakuhama na wala hakubadilisha dini wala mke, kilichobadilika ni swali aliloulizwa na nani alikuwa anauliza. Kufika sensa ya 1939 hata Wamingreli wenyewe walikuwa wamefutwa, wote wameingizwa kwenye kapu moja la Wageorgia. Kwa hiyo mjukuu wa Msamurzakano wa 1886, ambaye pengine hakuwahi kukanyaga Tbilisi na hajui Kigeorgia, akawa Mgeorgia kwa karatasi.

Miaka ya Stalin ilizidi kuwa mibaya. Nestor Lakoba, kiongozi wa Abkhazia, alikufa Desemba 1936 baada ya kula chakula nyumbani kwa Lavrentiy Beria kule Tbilisi, na karibu wote wanaamini alipewa sumu. Beria alikuwa Mmingreli, kazaliwa 1899 Merkheuli, hapohapo karibu na Sukhumi, na jambo hilo limewagharimu Wamingreli wa kawaida, maana kwa Waabkhazi wengi mateso ya miaka ile yana sura yao. Mwaka 1938 Kiabkhazi kikalazimishwa kuandikwa kwa herufi za Kigeorgia, 1945 na 1946 shule za Kiabkhazi zikafungwa zikawa za Kigeorgia, na maelfu ya wakulima kutoka magharibi ya Georgia, wengi wao Wamingreli waliosukumwa na serikali wala si wao waliopanga, wakaletwa kujazwa kwenye vijiji. Herufi zilibadilishwa tena mwaka 1954. Lakini fikiria mtu wa Gali kwenye miaka hiyo, mwenye jina linaloweza kuisha kwa -ba au kwa -baia. Ipi ina usalama? Ipi inampatia mtoto shule, ipi inampatia kazi? Mtu anachagua. Na ndugu yake wa tumbo moja, aliyeoa kijiji kingine, anaweza kuchagua tofauti, na wajukuu wao wakawa mataifa mawili.

Majina yalikuwa yanaruhusu hilo kirahisi. Chachba ni Shervashidze, Achba ni Anchabadze, Emkhaa ni Emukhvari, koo moja milango miwili. Wala huwezi kusema basi tuangalie tu mwisho wa jina tujue, kwa sababu baba wa fasihi ya Kiabkhazi, Dmitry Gulia, aliyesaidia kuunda alfabeti yao ya 1892 akiwa kijana mdogo, jina lake linaishia na -ia.

Sensa ya 1989 ikaonyesha Wageorgia 239,872, asilimia 45.7, Waabkhazi 93,267, asilimia 17.8. Wilaya ya Gali ilikuwa na watu karibu 80,000, zaidi ya asilimia 90 wameandikwa Wageorgia, Waabkhazi hata elfu moja hawafiki. Kwenye karatasi Samurzakano ilikuwa imekwisha kabisa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Agosti 1992, vita kati ya Georgia na Waabkhazi ikaanza.

Sitaieleza vita yote. Iliisha mwishoni mwa Septemba 1993 kwa ushindi wa Waabkhazi na waliosaidiana nao, na Wageorgia zaidi ya 200,000, wengi wao Wamingreli, wakakimbia makwao. Gali nayo ikakimbia, daraja la Enguri likajaa watu na ng'ombe na magodoro. Ila Gali ikafanya kitu ambacho sehemu nyingine hawakuweza, watu walianza kurudi, kwanza mchana kupalilia na kuvuna halafu wanalala ng'ambo, baadaye kukaa kabisa. Mei 1998 mapigano yakazuka tena, nyumba nyingi zikachomwa, makumi ya maelfu wakakimbia mara ya pili, na bado wakarudi. Wana miti yao ya hazelnati, zile zinazotiwa kwenye chokoleti, ndo hela yao ya mwaka, na mti hauubebi mgongoni.

Waliporudi wakakuta swali la zamani linawasubiri. Serikali ya Abkhazia, nchi ambayo mataifa mengi hayaitambui lakini Urusi iliitambua Agosti 2008, haijui iwafanyeje. Kuna wanaosema hawa ni Wageorgia, hatari, wataibeba nchi. Na kuna wanaosema hapana, hawa ni damu yetu, ni Waabkhazi waliomingrelishwa, warudishwe kwenye asili yao. Ukisikia ya pili unaweza kudhani ni maneno ya kukumbatiana. Lakini sikiliza ilivyofanya kazi. Miaka kadhaa watu wa Gali walipewa pasipoti za Abkhazia, kisha 2013 na 2014 ikasemwa zilitolewa kinyume cha sheria, na zaidi ya watu 22,000 wakaondolewa kwenye daftari la wapiga kura, na ugomvi huo ulikuwa mmoja wa mambo yaliyomng'oa Rais Ankvab Juni 2014. Baadaye wakaletewa vibali vya ukaazi, yaani unaishi kwenye nyumba aliyojenga babu yako ukiwa na karatasi ya mgeni. Njia iliyobaki ilikuwa kuomba kubadilisha taifa lako na kurudisha jina la zamani la Kiabkhazi. Ukikubali kufuta ile -ia unarudi kuwa mwananchi.

Kuna ambao walifanya hivo na siwahukumu hata kidogo. Wengine wanaamini kweli, bibi zao waliwaambia sisi zamani tulikuwa Waabkhazi. Wengine wanataka tu kusafiri, kuuza nyumba, kulala salama. Kinachonisumbua ni kuwa hakuna pande hata moja inayotaka wabaki na vyote viwili. Tbilisi nayo haijawatendea vizuri sana kwenye hili, maana huko Kimingreli hakina nafasi shuleni wala ofisini, kinachukuliwa kama lugha ya nyumbani tu, na kuna watu ukisema Wamingreli wana lugha yao wanaona unataka kuigawa nchi. Unesco imekiweka Kimingreli kwenye orodha ya lugha zilizo hatarini, Kiabkhazi pia kipo.

Kwa mtoto wa Gali leo hali iko hivi. Nyumbani Kimingreli. Shule za Gali ya chini zilikuwa zinafundisha kwa Kigeorgia, kuanzia 2015 wakaanza kuzigeuza za Kirusi darasa baada ya darasa. Kiabkhazi ni somo. Lugha nne, na ile anayoota nayo ndoto usiku ndo haina cheti. Kuna kitu kimoja kizuri lakini, gazeti la wilaya linaloitwa Gal, linalochapwa kwa Kiabkhazi, Kirusi na Kimingreli. Ni gazeti dogo tu, lakini ni nadra sana kukuta Kimingreli kimechapwa mahali popote duniani.

Mto wenyewe umekuwa mgumu. Mwaka 2017 vivuko vilivyotumiwa na watu wa vijijini vilifungwa, ikabaki kuzunguka mpaka daraja kubwa, na mzee anayefuata pensheni yake au dawa upande wa pili inabidi asafiri siku nzima. Aprili 2021 watu wanne walizama kwenye Enguri wakijaribu kuvuka kwa kujificha. Wakati huohuo, kilomita chache juu, lipo bwawa la umeme la Enguri, ukuta wa mita 271 na nusu, na ukuta huo uko upande wa Georgia lakini mitambo inayozalisha umeme iko upande wa pili, ndani ya wilaya ya Gali. Maji yanapita kwenye handaki chini ya mpaka. Vita ilipoisha ikabidi pande zote mbili wagawane umeme, na miaka yote hii, hata wakati hawaongei kabisa, mafundi wa huku na wa kule wamekuwa wakipigiana simu.

Sensa ya mwisho ninayoijua vizuri ni ya 2011, iliyofanywa na Abkhazia. Ilihesabu watu 240,705. Waabkhazi 122,069, Wageorgia 43,166, na safari hii Wamingreli wamerudishiwa mstari wao, watu 3,201. Nimejiuliza sana hao 3,201 ni akina nani na kwa nini jirani zao wanaoongea nao lugha ileile kisimani wamejibu tofauti. Mstari wa Wasamurzakano haumo.